Nimeapa mara nne, nimevunja mara nne. Mungu bado ananitaka?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 36, pombe nimeanza nikiwa na 19. Nimeombewa sana. Nimeapa madhabahuni mara nne kwamba sigusi tena na mara zote nne nimerudi, hii ya mwisho nilikaa siku 47 bila hata tone halafu nikaanguka, nikanywa mpaka hela ya ada ya mtoto. Mke wangu haongei na mimi. Nilikuwa naimba kwaya, huu mwezi wa tatu siendi kanisani kabisa maana naona kama namdhihaki Mungu. Kila nikifungua Biblia macho yanaenda Waebrania 10:26. Nijibu ukweli tu, Mungu ana mwisho wa kusamehe? Na je nisubiri niache kwanza ndo nirudi?

JIBU: Asifiwe sana mdogo wangu. Nimeisoma meseji yako asubuhi, nikaisoma tena mchana, na naanza na swali lako la mwisho kwa sababu nadhani ndo limeyabeba yale mengine yote. Usisubiri. Rudi Jumapili hii, hata kama Jumamosi utakuwa umekunywa. Najua kuna watu watanuna wakisoma hapa, lakini miaka 17 nimekaa na watu wenye uraibu, wa pombe, wa unga, wa kamari, wa picha chafu za kwenye simu, na sijaona hata mmoja aliyejisafisha kwanza huko aliko halafu akaja kwa Yesu akiwa ameshang'aa. Niliowaona wamepona walikuja wachafu, wakaondoka, wakarudi tena wachafu, wakakaa.

Sasa hebu nikuulize kitu kuhusu ile siku ya 48. Hela yote ya ada uliinywa kwenye glasi ya kwanza? Najua jibu maana nimelisikia kwa watu wengi mno. Glasi ya kwanza ilikuwa ya kawaida tu, hamu imekubana, umeteleza, halafu kati ya ya kwanza na ya pili kuna sauti ikakwambia "basi, umeshaharibu, wewe ndo wewe, hata ukiacha sasa hivi itasaidia nini", na ukanywa zile nyingine zote ili usiisikie hiyo sauti. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Alan Marlatt, alifanya kazi miaka mingi na walevi, yeye na mwenzake Judith Gordon waliielezea vizuri hii kitu mwaka 1985, kwamba mtu aliyeacha akiteleza kidogo, anayeanguka vibaya ni yule anayeona kule kuteleza ni ushahidi kwamba yeye hafai, wakati yule anayeona ni kosa lililotokea mahali fulani kwa sababu fulani anasimama mapema. Yaani ile hatia unayodhani inakulinda na pombe ndo inayokumiminia glasi ya pili, mdogo wangu. Unakunywa kwa sababu ya aibu halafu unaona aibu kwa sababu umekunywa, na kila mzunguko kamba inakaza.

Ndo maana Paulo kwenye 2 Wakorintho 7:10 anatenganisha huzuni mbili, moja ya jinsi ya Mungu inayoleta toba, nyingine ya dunia inayoleta mauti. Kwa nje zinafanana kabisa, zote zina machozi. Tofauti unaiona kwa kuangalia zinakupeleka wapi. Huzuni ya Mungu inakwambia umefanya vibaya, inuka twende. Ile nyingine inasema wewe mwenyewe ndo ubaya, jifiche. Na wewe umejificha miezi mitatu.

Angalia usiku ule mmoja Yesu aliokamatwa, wanafunzi wawili. Yuda alijuta, Mathayo 27 inasema hivyo wazi kabisa, akarudisha hata vile vipande 30 vya fedha, akakiri "nalikosa". Petro naye alilia kwa majonzi. Kosa la Petro mi silioni dogo hata kidogo, tena yeye alikuwa ameapa kama wewe, alisema hata ikibidi kufa hatamkana kamwe, na kiapo hakikumaliza usiku. Kilichowatenganisha ni kwamba Yuda alienda na hatia yake peke yake, Petro akabaki karibu na wenzake mpaka Yesu akamkuta. (Na hapa nisimame kidogo. Kama hizi siku umeanza kuwaza kwamba bora usiwepo, usimalize hata kusoma hii, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, au nenda hospitali useme hivyo hivyo. Hayo mawazo mara nyingi yanakuja na pombe na yanapungua ukipata msaada, nimeona mara nyingi.)

Kuna kitu kwenye Yohana ambacho nikikisoma bado kinanigusa. Petro alipomkana Yesu alikuwa anaota moto wa makaa, sura ya 18 mstari wa 18. Halafu sura ya 21, baada ya kufufuka, wanafunzi wanafika ufukweni wanakuta Yesu amewasha moto, na neno la Kigiriki la moto wa makaa limetumika sehemu hizo mbili tu katika Agano Jipya zima. Yesu anamrudisha Petro kwenye harufu ile ile ya usiku ule, mahali pale pale panapouma, lakini hamwanzii na maswali. Anasema njoni mfungue kinywa. Wamekula kwanza. Halafu ndo anauliza mara tatu, kwa zile tatu za kukana, na angalia anauliza nini, hasemi "utarudia tena?" wala "niahidi", anauliza wanipenda? Mi naamini hilo swali Petro angeweza kulijibu hata akiwa bado anatetemeka, na wewe unaweza kulijibu leo. Mtu asiyempenda Mungu hakosi usingizi kwa sababu ya Waebrania.

Haya, Waebrania 10:26. "Maana, kama tukifanya dhambi kusudi baada ya kuupokea ujuzi wa ile kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi." Huu mstari umetesa watu wengi sana, wengine wamekuja kwangu wakiwa hawajala siku mbili. Ile barua iliandikiwa watu waliokuwa wanateswa kwa ajili ya imani na wengine wanafikiria kumwacha Kristo moja kwa moja, na mwandishi mwenyewe anaeleza mstari wa 29 anamzungumzia nani, ni aliyemkanyaga Mwana wa Mungu na kuihesabu damu ya agano kuwa kitu ovyo. Wewe unaihesabu kitu ovyo? Wewe unaogopa kwamba imekuishia! Huyo ni mtu mwingine kabisa. Halafu nataka ufungue Biblia uangalie mstari ulio juu yake, wa 25, unasema tusiache kukusanyika pamoja. Na wa 22 unasema tukaribie. Yaani umeushika mstari wa 26 mpaka ukakufanya usiutii wa 25, huo ndo ujanja wa adui, anakunukulia Neno akiwa amekata pale panapokuita.

Mwisho wa kusamehe? Aliyeuliza hilo swali kwanza ni Petro yule yule, alikuja na namba yake saba, akajibiwa saba mara sabini. Na Zaburi 130 inasema Bwana angehesabu maovu nani angesimama, lakini kwako kuna msamaha. Sina cha kuongeza hapo.

Ila kuhusu viapo nina neno, na ninalisema kwa ukali kidogo kwa sababu nakupenda. Acha kuapa. Usiende kuapa ya tano. Mhubiri 5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na mi naona kwa mtu mwenye uraibu nadhiri ni mtego kabisa, maana unaweka uzito wote juu ya ile nia yako na nia ndo kiungo kilichovunjika. Ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu aahidi kukimbia. Augustino wa Hipo, huyu baba wa kanisa aliyezaliwa Afrika Kaskazini mwaka 354, alihangaika na tamaa za mwili miaka mingi mpaka akaongoka mwaka 386, na baadaye aliandika kwa uwazi kabisa kwamba ujanani alikuwa anaomba Mungu ampe usafi wa moyo lakini si sasa hivi. Yeye ndo aliuelezea mnyororo wake hivi: nia iliyopotoka ikazaa tamaa, tamaa ikitumikiwa ikawa mazoea, mazoea yasipopingwa yakawa lazima. Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita hiyo, na leo madaktari wanasema karibu kitu hicho hicho kwa lugha yao, kwamba ubongo ukizoeshwa pombe unajifunza kuitaka hata kabla hujaiona, kwa saa fulani, kona fulani, stresi fulani, na ule utamu unapungua lakini ile hamu haipungui. Kwa hiyo unakunywa kitu ambacho hata hukipendi tena. Ukisoma Warumi 7 unaona Paulo anasema lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo, na sidhani alikuwa anatafuta kisingizio. Bado ni wewe unayebeba glasi, hilo usilikwepe, ila unapigana na kitu kilichojengwa miaka 17, hakibomolewi na machozi ya ibada moja.

Badala ya kiapo sema sala fupi ya siku moja. Bwana leo nisaidie. Kesho unasema tena. Basi.

Umesema umeombewa sana na haikukaa. Mi naamini katika kuombewa, nimewaona wawili watatu ambao waliombewa na hamu ikakatika siku hiyo hiyo haijarudi, namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini wengi haiwi hivyo na inaniuma sana nikisikia wameambiwa hawana imani. Marko 8 kuna kipofu wa Bethsaida, Yesu mwenyewe amemwekea mikono, akamuuliza waona kitu, akajibu naona watu kama miti inakwenda. Nusu! Mikono ya Yesu na bado nusu. Hakuna aliyemkemea kwamba imani yake ni ndogo, Yesu alimwekea mikono tena. Na angalia yule mtu alisema ukweli, angeweza kusema naona vizuri kabisa ili mambo yasiharibike mbele za watu, na nadhani ndo kosa tunalofundisha watu makanisani, tunawashangilia wakisema wamefunguliwa na hatuna mahali pa wao kusema naona watu kama miti.

Hapa nikiri jambo langu. Mwanzo wa huduma kijana mmoja alirudia unga, na mimi nikaona dawa ni asimame mbele ya kusanyiko aombe radhi ili wengine wajifunze. Alisimama. Akaomba radhi vizuri tu. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata, na sijamuona tena mpaka leo. Nilidhani nalinda utakatifu wa kanisa. Yakobo 5:16 inasema ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi na kuombeana mpate kuponywa, haisemi mtu mmoja asimamishwe mbele ya wote, ni ninyi kwa ninyi, pande zote mbili zinafunguka.

Kwa hiyo tafuta mtu mmoja. Mmoja tu, mwanaume mwenzako, asiyeshtuka na asiyetangaza, ikiwezekana naye aliwahi kuwa humo. Mwaka 1935 kuna mlevi mmoja wa Marekani, Bill Wilson, alikuwa na miezi kama mitano tu hajanywa, yuko mji wa Akron, biashara yake imegoma, yuko hotelini na sauti za baa anazisikia. Alichofanya akaenda kwenye simu akampigia mchungaji asiyemjua, akitafuta mlevi mwingine wa kuongea naye. Wakamuunganisha na daktari mmoja, Bob Smith, naye amezama, wakakaa wakaongea saa kadhaa. Yule daktari hata baada ya hapo alianguka tena, halafu tarehe 10 Juni mwaka huo ikawa mara yake ya mwisho, na huo ndo mwanzo wa vikundi vya Alcoholics Anonymous vilivyoenea dunia nzima. Wilson alimwendea ili yeye mwenyewe asinywe. Wewe pia usidhani utakuwa mzigo kwa huyo mtu, huenda naye anakuhitaji.

Na hamu ikija piga simu kabla, usisubiri baada. Ile hamu inapanda kama wimbi, ukiipa muda bila kuilisha inashuka, na mtu wa kuongea naye wakati wimbi liko juu ni nusu ya ushindi. Ikishuka mwambie pia ilianzia wapi. Ulikuwa na njaa? Umegombana? Umelipwa siku hiyo? Hiyo siku ya 48 ina chanzo chake, kakitafuteni.

Sasa hili la hospitali usiliruke. Kama unakunywa kila siku na ukikosa asubuhi unatetemeka, unatoka jasho, moyo unakimbia, usikate ghafla ukiwa peke yako chumbani na Biblia. Arosto ya pombe, yaani ile hali ya mwili ukiikosa ghafla, inaweza kuleta degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na siku ya pili mpaka ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, wengine wanakufa. Nenda kwa daktari umwambie kiasi halisi unachokunywa, usipunguze kwa aibu, maana dozi atakayokupa inategemea hilo. Kuna dawa za kukuvusha hizo siku na nyingine za kupunguza hamu. Kuzimeza hakumwondoi Mungu. Luka aliyetuandikia habari ya mwana mpotevu Paulo anamwita tabibu mpendwa. (Na anayesoma hapa ambaye shida yake ni unga, ukikaa safi muda halafu ukateleza, mwili haubebi tena kile kiwango cha zamani, wengi wanapotelea hapo hapo. Nakusihi sana, usiwe peke yako.)

Mke wako. Hapa wengi wanakosea, wanasamehewa na Mungu saa nne halafu saa sita wanataka mke naye awe ameshasahau. Msamaha wa Mungu hauna deni, lakini imani ya mkeo kwako umeivunja wewe na inajengwa kwa siku, tena mkono wake ndo unashika saa. Soma Zakayo, Luka 19. Yesu kaingia kwanza nyumbani kwake, kabla hajarudisha hata senti, watu wananung'unika nje, halafu Zakayo mwenyewe anasimama anasema kama nimenyang'anya mtu narudisha mara nne. Neema imetangulia, malipo yakafuata, na yakafuata kweli. Kwa hiyo nenda kwa mkeo bila kiapo na bila kulia sana. Mwambie nilichukua hela ya ada, nitairudisha hivi na hivi, na kuanzia mwezi huu pesa zikae kwako. Asipojibu usikasirike. Na kama ana hasira mwaka mzima, vumilia mwaka mzima. Naye anahitaji mtu wa kumsikiliza, amebeba mengi pengine kuliko wewe.

Utaniuliza, sasa neema yote hii si itanifanya nizembee? Paulo aliulizwa hivyo hivyo, tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Akasema hasha. Na kwenye Tito 2 anasema neema ndo inayotufundisha kukataa ubaya. Niliowaona wamezembea ni waliokata tamaa. Mtu akijua mlango uko wazi anarudi mapema. Zamani ukianguka ulipotea miezi, ikifika mahali unaanguka leo na kesho asubuhi umeshampigia mwenzako, hapo kitu kimebadilika ndani yako hata kama wewe hukioni.

Kuna mtu nataka umjue, Mark Ji Tianxiang, Mchina, alizaliwa 1834, daktari aliyetibu maskini bure. Alitumia afyuni, dawa ya kulevya, kutibu ugonjwa wa tumbo ikamshika. Akawa anaungama dhambi hiyo hiyo tena na tena mpaka padri akamnyima sakramenti mpaka aache, maana wakati ule walidhani mtu anayerudia hivyo hajatubu kweli. Miaka 30 alienda kanisani na hakupokea sakramenti, kwa sababu hakuweza kuacha. Miaka 30 anakaa pale, anawaona wengine wanapokea. Mwaka 1900 wakati wa mateso ya Wakristo kule China akakamatwa pamoja na jamaa zake, akaomba auawe wa mwisho ili asiwepo wa nyumbani kwake atakayekufa peke yake, akaenda anaimba. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliwahi kuacha afyuni. Sikupi habari hii ili uridhike na pombe, naomba uache na naamini utaacha. Nakupa kwa sababu ya ile miaka 30 ya kuendelea kwenda.

Kuhusu kwaya, kwa sasa pumzika. Kusimama mbele kunahitaji utulivu ambao bado huna, na wewe mwenyewe ungejitesa kila wimbo. Ongea na kiongozi wenu, mwambie ukweli kadiri anavyoweza kuubeba, mpeane muda. Ila kwenye benchi kaa, imba ukiwa umekaa, ukishindwa kuimba sikiliza. Jumapili hii. Na kabla ya Jumapili mtumie meseji yule mtu mmoja, nadhani jina lake limeshakujia ukiwa unasoma hapa, mwandikie tu "nimeanguka, naomba tuonane", halafu uniandikie tena unieleze alijibu nini.